Mti wa Krismasi: Halisi au wa Bandia? Mwongozo kwa Wakazi wa Kata Zetu

Desemba inapokaribia katikati, familia nyingi za Nyanda za Juu Kusini huanza kujiuliza swali moja dogo lenye gharama kubwa kuliko linavyoonekana: mwaka huu tuweke mti wa Krismasi wa aina gani? Wapo wanaoleta msindano mchanga, ambao wengi wetu tunauita paina, ukiwa umefungwa nyuma ya pikipiki. Wapo pia wanaokwenda madukani Mwanjelwa, Mafinga au Iringa mjini kununua mti wa plastiki uliokunjwa ndani ya boksi. Kila upande una hoja zake. Anayependa mti halisi husifu harufu yake na bei yake ndogo, na anayependa wa bandia husema kwamba yeye hakati mti wala hachafui sebule.

Mtu anayeishi Dar es Salaam au ng'ambo huweza kulijibu swali hili kwa kuangalia bei na nafasi tu. Sisi hatuwezi kuishia hapo, kwa kuwa tunaishi kwenye mikoa inayopanda miti. Msindano mchanga ulio kando ya njia una mwenyewe, umepaliliwa kwa jembe la mtu, na mara nyingi umekusudiwa kulipa ada ya mtoto miaka kadhaa ijayo. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama mti ni halisi au ni wa bandia, mkazi wa kata zetu anapaswa kuuliza mambo mawili: mti huu umetoka wapi, na baada ya sikukuu utaishia wapi. Makala hii inaeleza namna ya kuyajibu maswali hayo. Haimlazimishi mtu yeyote kuweka mti, kwani sikukuu huadhimishwa vizuri hata bila mti.

Desturi hii na miti yetu

Desturi ya kuweka mti ndani ya nyumba wakati wa Krismasi ilikua katika nchi za Wajerumani na jirani zao yapata miaka 500 iliyopita. Tangu mwanzo iliwapa watawala wa miji shughuli. Mwaka 1561 mji wa Ammerschweier, katika eneo la Alsace ambalo leo ni sehemu ya Ufaransa, uliweka kanuni kwamba kila mwenyeji achukue mti mmoja tu msituni, tena usiozidi urefu wa nyayo nane. Karne ya 19, wakati ukataji wa miti michanga na vilele vyake ulipokuwa umezidi, Wajerumani walianza kutengeneza miti ya bandia kwa manyoya ya bata bukini yaliyotiwa rangi ya kijani. Kwa hiyo mti wa bandia si uvumbuzi wa zama za plastiki, na sababu mojawapo ya kutengenezwa kwake ilikuwa kulinda misitu.

Kwetu, wamisionari wa Kijerumani wa Kanisa la Moravian na wa Misheni ya Berlin walianza kazi kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, Wamoravian wakiweka kituo chao Rungwe. Walikuja na namna zao za kuadhimisha Krismasi. Miti inayotumika leo, hata hivyo, haikuwapo hapa wakati huo. Msindano tunaoufahamu zaidi, ambao wataalamu huuita Pinus patula, asili yake ni milima ya Mexico, na saipresi inayopandwa kwetu asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Miti hii ilipandwa nchini kwa ajili ya mbao. Shamba la Miti Sao Hill wilayani Mufindi, ambalo ni kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali, lilianza kwa majaribio mwaka 1939 na likapanuliwa sana baada ya uhuru. Mbeya kuna mashamba ya Kawetire na Kiwira. Kutoka kwenye mashamba hayo ujuzi na miche vilienea vijijini, hata leo kaya nyingi za Mufindi, Kilolo, Mbeya na Rungwe zina angalau kipande cha miti.

Kilele kimoja kina thamani gani?

Mti unaotoshea vizuri sebuleni huwa na urefu wa mita moja na nusu hadi mbili. Katika hali ya hewa yetu, msindano huufikia urefu huo ukiwa na umri wa takriban miaka miwili au mitatu. Huo ndio umri ambao mwenye shamba amekwisha kutumia gharama zake za mwanzo: amenunua au kukuza miche, amechimba mashimo, amepanda, na amepalilia msimu baada ya msimu ili majani yasiisonge miche. Kuanzia hapo mti hudai fedha kidogo, na kazi kubwa iliyobaki ni kuulinda dhidi ya moto na kuusubiri ukue. Anayeukata wakati huo anakata kazi yote ya mwenzake.

Wapo wanaodhani kwamba wakikata kilele tu na kuacha shina, mti utaendelea. Hapo panahitaji maelezo. Mlingoti, yaani mkaratusi, ukikatwa huchipua upya kutoka kwenye kisiki. Msindano hauna tabia hiyo. Ukikatwa chini ya matawi yote yenye majani, hufa. Ukikatwa kilele na kuachiwa matawi ya chini, matawi mawili au matatu ya pembeni huinuka kushindana kuchukua nafasi ya kilele, na shina hutoka na panda au hupinda. Mti wa namna hiyo hautoi gogo refu lililonyooka. Mnunuzi wa mbao ataukataa au atautoa bei ya kuni, na nguzo haitoki kabisa.

Tufanye hesabu ndogo. Shamba lililopandwa kwa nafasi ya mita tatu kwa mita tatu hubeba miti 1,111 kwa hekta. Mwenye robo hekta ana miti isiyozidi 280. Wakija vijana kumi usiku wa kuamkia mkesha, kila mmoja akakata miti mitatu ya kwenda kuuza mjini, mwenye shamba hilo amepoteza zaidi ya mti mmoja katika kila kumi. Watakaokuwa wameikata watapata fedha ya siku moja. Yeye atalihisi pengo hilo miaka mingi baadaye, siku atakapokuja kuuza, na huenda siku hiyo ndiyo ambayo mtoto amepata nafasi ya chuo.

Kukata mti wa mtu bila ruhusa ni wizi na ni uharibifu wa mali, hata kama ni kwa ajili ya Krismasi na hata kama ni mmoja. Vivyo hivyo, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 hairuhusu mtu kukata wala kuondoa mazao katika hifadhi ya msitu bila kibali. Katazo hilo linahusu mashamba ya serikali kama Sao Hill, Kawetire na Kiwira, na linahusu kwa uzito zaidi misitu ya asili kama Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Rungwe na ile ya Uzungwa Scarp. Mti mchanga wa asili, kwa mfano podo, hukua polepole mno. Usiuchukue kwa ajili ya pambo la wiki mbili.

Mti halisi usiomdhuru mtu

Maelezo yaliyotangulia hayamaanishi kwamba mti halisi ni mbaya. Katika mikoa yetu upo mti halisi mwingi ambao ungeachwa uoze au ungeondolewa kwa vyovyote vile. Vyanzo vyake ni vinne.

Cha kwanza ni kilele cha mti uliokwisha kuangushwa. Wavunaji wanapoangusha msindano uliokomaa huchukua magogo, na sehemu ya juu yenye matawi hubaki shambani kama mabaki. Mita mbili za mwisho za kilele hicho zina umbo lilelile la mti mchanga. Ukipata habari kwamba jirani anavuna Desemba, mwombe mapema akuwekee kilele, na uichukue siku ileile ya kuangusha ili majani yasikauke. Katika mashamba ya serikali hata mabaki hayachukuliwi bila idhini ya msimamizi.

Cha pili ni maotea, yaani misindano iliyojiotea yenyewe kutokana na mbegu zinazopeperushwa na upepo. Huota kandokando ya mashamba, kwenye mifereji na kwenye maeneo ya nyasi. Msindano una sifa ya kuvamia. Katika Mlima Mulanje nchini Malawi, msindano huohuo unajulikana kwa kuingilia uoto wa asili. Kung'oa maotea kwenye nyasi za malisho ni huduma kwa mazingira, ilimradi mwenye ardhi au uongozi wa kijiji umekubali.

Cha tatu ni miti iliyosongamana. Mkulima aliyepanda kwa nafasi finyu hulazimika kupunguza miti ili inayobaki inenepe. Miti dhaifu, iliyopinda au yenye panda ndiyo hutolewa. Anaweza kuchagua kufanya kazi hiyo mwanzoni mwa Desemba na kuuza aliyoitoa, akapata chochote cha sikukuu bila kupunguza thamani ya shamba lake.

Cha nne ni matawi ya kupogolewa. Mbao nzuri isiyo na vifundo vingi hutokana na miti iliyopogolewa matawi ya chini mapema. Matawi matatu au manne yaliyofungwa pamoja na kusimamishwa katika ndoo yenye mchanga na maji hutengeneza pambo linalofaa kabisa chumba kidogo, na mti uliotoa matawi hayo umefaidika.

Anayenunua barabarani naye ana wajibu. Muulize muuzaji mti umetoka shamba la nani na katika kijiji gani. Mwenye mti halali hujibu bila kusita. Ukiona anababaika, acha. Muuzaji anayekusudia kusafirisha miti mingi kwenda mjini au nje ya wilaya apite kwanza ofisi ya kijiji, kisha kwa afisa misitu, ili aelezwe kuhusu ushuru na hati ya kusafirishia mazao ya misitu kabla ya kupakia. Ni heri kuuliza kabla ya safari kuliko kusimamishwa kwenye kizuizi na mzigo unanyauka.

Mti hai kwenye ndoo

Kuna njia ambayo watu wachache wameijaribu, na inafaa sana kwetu kwa sababu ya majira yetu. Katika Ulaya Krismasi huangukia kipindi cha baridi kali, ardhi ikiwa ngumu. Kwetu huangukia mwanzo wa masika, ambao ndio msimu wa kupanda miti. Mti uliokaa sebuleni tarehe 25 Desemba unaweza kuwa ardhini kabla ya Januari kufika katikati, na mvua ikaufanyia kazi iliyobaki.

Nunua mche kwenye kitalu ukiwa katika kiriba, uuhamishie kwenye ndoo au debe lenye matundu ya kutolea maji, na uukuze nje kwa mwaka mmoja au miwili. Saipresi hustahimili maisha ya chomboni na ina majani yaliyoshikana, kwa hiyo hupendeza ingali ndogo. Msindano nao hufaa, lakini mizizi yake huhitaji aina za kuvu zinazoisaidia kufyonza chakula. Ndiyo maana wakuza miche huchanganya udongo uliotoka chini ya misindano ya zamani. Omba kidogo cha udongo huo unapohamisha mche.

Usiuweke ndani kwa zaidi ya siku kumi, kwani mti hai huhitaji jua. Uweke karibu na dirisha, mbali na jiko, na umwagilie udongo uwe na unyevu bila kutuama maji. Usitundike mapambo mazito, maana matawi machanga huvunjika. Kabla ya kuupanda, fikiri juu ya ukubwa wake wa baadaye: msindano hupita mita 20. Usiupande chini ya nyaya za umeme, karibu na ukuta wa nyumba, wala kwenye mpaka kabla hujazungumza na jirani. Usiupande karibu na chemchemi au kingo za mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji, na miti ya kigeni inayokua haraka hunywa maji mengi.

Angalia pia afya ya mche. Kuanzia miaka ya 1980 wadudu wanaofyonza saipresi walienea Malawi, Tanzania na baadaye Kenya na kukausha miti mingi. Ukiona matawi yanageuka rangi ya hudhurungi, au wadudu wadogo wamejikusanya kwenye vitawi, usiuhamishe mti huo kijiji hadi kijiji. Mwite afisa ugani au afisa misitu auone.

Shule, makanisa, zahanati na ofisi zina nafasi nzuri kuliko hata hiyo. Kama uwanjani kuna saipresi au msindano uliokwisha kukua, upambeni pale pale uliposimama. Mti mmoja hutumika kila mwaka, hauhitaji kununuliwa, na kila apitaye huuona. Wenzetu wa maeneo ya joto, kama bonde la Usangu na tarafa ya Pawaga, wana mti ambao Tanzania tumeupa jina la mkrismasi kwa sababu huchanua maua mekundu majira hayo. Tawi lake lenye maua ndani ya chombo cha maji ni pambo lisilohitaji taa.

Mti wa bandia na hesabu ya miaka

Mti wa bandia unawafaa wengi kwa sababu za kweli. Mwenye chumba cha kupanga katikati ya jiji hana mahali pa kupanda mti hai. Mwenye pumu au anayesumbuliwa na harufu ya utomvu hupata nafuu. Mzee anayeishi peke yake hawezi kubeba mti mbichi kila mwaka. Familia ambayo tayari inao mti wa bandia stoo haina sababu ya kuutupa ili inunue kitu kingine. Chaguo bora kwao ni kuendelea kuutumia.

Kwa anayefikiria kununua mpya, jambo la kupima ni miaka. Miti mingi ya bandia hutengenezwa China kwa chuma na plastiki aina ya PVC, huvuka bahari hadi bandari ya Dar es Salaam, kisha husafirishwa kwa lori kwenye barabara kuu ya TANZAM. Shirika la Carbon Trust la Uingereza lilikadiria kwamba mti wa bandia wa mita mbili hubeba takriban kilo 40 za hewa ukaa, ilhali mti halisi wa urefu huo, ukichomwa au kusagwa baada ya sikukuu, huwa na kilo 3.5 hivi. Kwa makadirio hayo, mti wa bandia unapaswa kutumika zaidi ya miaka kumi ndipo uwe sawa na kununua mti halisi kila mwaka. Makadirio hayo ni ya Uingereza. Kwa mkazi wa Mufindi anayeokota kilele kilichoachwa na wavunaji kijijini kwake, mti halisi unakuwa mwepesi zaidi, na mti wa bandia unapaswa kudumu miaka mingi zaidi.

Hesabu ya fedha hufuata njia hiyohiyo. Tuseme, kwa mfano tu, mti wa bandia umenunuliwa kwa shilingi 60,000. Ukivunjika baada ya sikukuu mbili, kila Krismasi imegharimu shilingi 30,000. Ukidumu miaka 12, kila Krismasi imegharimu shilingi 5,000. Kwa hiyo usiangalie bei ya chini pekee, kwani cha rahisi mara nyingi huwa ghali. Fungua boksi dukani. Angalia kama miguu ni ya chuma na imesimama imara, kama matawi yamefungwa kwa bawaba au yamechomekwa tu, na kama majani hayapukutiki ukiyavuta kidogo. Ukisikia harufu kali ya plastiki, uache mti huo. Ukiwa na mti wa zamani sana wa PVC, usiwaache watoto wadogo wautafune, kwani baadhi ya plastiki hiyo ilitengenezwa kwa kuchanganywa na risasi. Nawa mikono baada ya kuufungua.

Sikukuu ikiisha, pangusa vumbi, ukunje kwa mpangilio uleule, uurudishe katika boksi lake na kuuhifadhi mahali pakavu pasipofikiwa na panya wala moshi wa jikoni. Mti mwingi wa bandia huharibikia stoo kabla haujachakaa kwa matumizi.

Usalama ndani ya nyumba

Mti halisi uliokauka hushika moto kwa kasi kwa sababu ya utomvu wake, na mti wa plastiki ukiungua hutoa moshi wenye sumu. Kwa hiyo tahadhari zifuatazo zinawahusu wote.

Kata kipande cha sentimita mbili au tatu chini ya shina la mti halisi kabla ya kuusimamisha, ili uweze kunywa maji, kisha ujaze maji kwenye chombo kila siku. Majani yakianza kukatika ukiyakunja kwa vidole, wakati wa kuutoa nje umefika, hata kama mwaka mpya haujafika. Usiweke mshumaa juu ya mti wala karibu nao. Desemba kwetu ina mvua na baridi, na baadhi ya familia huingiza jiko la mkaa sebuleni ili kupata joto. Tabia hiyo ni hatari hata pasipo na mti, kwa kuwa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa inayoua bila harufu. Penye mti, hatari huwa mbili.

Nunua taa zenye nembo ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Usitumie waya uliochunika, wala usirundike plagi nyingi kwenye soketi moja. Zima taa mnapolala, mnapotoka nyumbani, na radi zinapoanza. Taa za ndani zisitumike kupamba mti ulio nje kwenye mvua. Moto ukitokea, toeni watu kwanza, kisha pigeni simu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114.

Baada ya sikukuu

Mti halisi uvuliwe mapambo yote, hasa nyuzi za plastiki zinazong'aa, kwani mifugo huzimeza na kuumia. Shina likatwe kuwa kuni, matawi yaliyokauka yawe ya kuwashia moto, na majani yatandazwe chini ya miti ya matunda au njia ya matope. Usiutupe kwenye mfereji. Mvua za Januari zitausukuma hadi kwenye kalavati, na maji yataingia barabarani na katika nyumba za watu.

Mti wa bandia uliochoka usichomwe moto nyuma ya nyumba. Plastiki ya PVC ikiungua hutoa gesi inayochoma macho na mapafu, pamoja na sumu zinazobaki kwenye udongo na kuingia kwenye mboga. Kwanza uupunguze: matawi mazima yanaweza kufungwa kuwa shada la mlangoni au pambo la darasa la shule ya awali. Chuma kiende kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kinachobaki kipelekwe mahali palipotengwa kwa taka, na si bondeni.

Kabla hujaamua

Ndugu mwananchi, maelezo haya yanaweza kufupishwa katika maswali matano. Je, tayari una mti wa bandia unaofaa? Endelea nao. Je, una uwanja na unaweza kutunza mche? Weka mti hai na uupande wakati wa mvua. Je, unamfahamu mtu anayevuna, anayepogolea au anayepunguza miti Desemba hii? Mwombe kilele au matawi. Je, huna lolote kati ya hayo na unakusudia kukaa na mti miaka kumi au zaidi? Nunua wa bandia ulio imara. Je, muuzaji ameshindwa kukueleza mti umetoka shamba la nani? Usinunue.

Mwenye shamba la miti naye asikae kimya. Lizungukie shamba lako wiki mbili kabla ya sikukuu, zungumza na majirani mlinde kwa zamu, na ukikuta miti imekatwa, toa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji na Afisa Mtendaji wa Kijiji siku hiyohiyo, ukitaja idadi na mahali ilipokuwa. Kwa ushauri kuhusu miche, kupogolea na utaratibu wa kusafirisha mazao ya misitu, fika Ofisi ya Kata yako uelekezwe kwa afisa anayehusika.

Tunawatakia wakazi wote sikukuu njema na msimu mwema wa kupanda.